Gari Dogo la Umeme na Meno Yake

Msomaji, ikiwa umepata kusafiri kwa barabara itokayo Kangonde kwenda Embu, basi umepita Kivaa. Ni soko dogo la Ukambani, katika Machakos, karibu na mlima wenye jina hilo hilo, na baada ya kuliacha soko barabara huteremka mpaka mto Tana, penye bwawa la Kamburu. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kwa muda, wewe nami. Historia nitakayokusimulia ni ya kitu kidogo sana, gari la mchezo lisilozidi mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Lakini haieleweki vema mpaka mtu awe ametazama kitu kikubwa, na hicho kikubwa kipo hapo mtoni.

Gari ninalolinena ni lile la umeme liongozwalo kwa redio na kushindanishwa viwanjani. Lina betri moja. Lina mota isiyoshinda yai la kuku kwa ukubwa. Na kati ya mota na matairi lina magurudumu mawili ya meno yanayoumana, dogo likiwa katika mhimili wa mota na kubwa likipeleka mwendo kwenye matairi. Mgeni aliyeliona likipita kama mshale huisifu mota. Mzoefu huuliza kwanza: Meno mangapi?

Watoto wa Kivaa, kama watoto wa Kenya nzima, wametengeneza magari ya waya tangu siku za baba zao na babu zao. Si ajabu kazi hiyo kuwapendeza, maana Wakamba wa karne ya 19 walisifika mbali kwa mikufu myembamba waliyoifuma kwa waya waliouvuta wenyewe. Gari la waya lina usukani mrefu ufikao kifuani pa mtoto, lina magurudumu ya makopo au ya ndala zilizochakaa, lakini halina nguvu yake lenyewe. Nguvu ni miguu ya mtoto alisukumaye. Kwa hiyo halina haja ya meno. Haja hiyo huanza siku ile nguvu inapotoka katika kitu kisichojua kufupisha wala kurefusha hatua zake kama ajuavyo mwanadamu apandapo kilima.

Baiskeli ndiyo iliyowafundisha wengi wetu jambo hili kabla hatujalipatia jina. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 44, na friwili ya nyuma ina meno 22: kila mzunguko mmoja wa pedali huwa mizunguko miwili ya tairi. Weka friwili ya meno 16, nawe utawaacha wenzako uwandani. Lakini ukifika penye mwinuko, umefunga dumu la maji nyuma, utashuka usukume. Hapana hila ya kuliepuka hilo. Meno hayaumbi nguvu. Hubadilisha mwendo wa haraka kwa msukumo mkubwa, au msukumo mkubwa kwa mwendo wa haraka, kama sokoni mtu abadilishavyo mahindi kwa mbuzi. Na katika kila badilishano kitu kidogo hupotea njiani kwa msuguano.

Sasa tazama mto. Huu ni Tana, ule ambao mmisionari Krapf aliufikia mwaka 1851 akiandamana na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, na karibu na mto huo Kivoi akauawa. Katika sehemu hii maji huteremka kama mtu ashukaye ngazi, na ngazi hizo zimetumiwa moja baada ya nyingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Linganisha mbili kati ya hizo. Bwawa la Masinga huweza kuweka maji yapatayo mita za ujazo milioni 1,560. La Gitaru huweka kama milioni 20 tu. Mtu akiambiwa hayo bila kuelezwa zaidi ataapa kwamba Masinga ndiyo yenye nguvu. Sivyo. Mitambo ya Masinga ni ya megawati 40, na ya Gitaru ni ya megawati 225. Masinga maji huanguka kimo kisichofika mita 60, ilhali Gitaru yameongozwa chini ya ardhi hata yakapata kimo cha zaidi ya mita 130. Ghala, basi, ni jambo moja; kimo cha kuangukia ni jambo jingine; na wingi wa maji yapitayo kwa sekunde ni jingine tena.

Betri ya gari dogo ina mambo hayo hayo. Kinachoitwa amp-saa ndilo ghala. Volti ndicho kimo. Ampea ndio wingi wa maji yapitayo. Nimewaona vijana wakinunua betri kwa kusoma amp-saa peke yake, kama yule aliyeapa juu ya Masinga.

Mto una fundisho jingine, nalo ni lenye faida zaidi. Ndani ya kituo maji huzungusha turbini, turbini huzungusha jenereta, na umeme hutoka. Mota ya gari dogo ni jenereta iliyogeuzwa: huingizwa umeme, ikatoa mzunguko. Kanuni ya jenereta ilionyeshwa na Michael Faraday huko London mwaka 1831, lakini watu walichelewa kuona kwamba mtambo mmoja waweza kufanya kazi zote mbili kwa faida. Katika maonyesho makubwa ya Vienna, mwaka 1873, mitambo miwili iliyobuniwa na Zénobe Gramme iliunganishwa kwa waya. Mmoja ulizungushwa ukatoa umeme, na wa pili, uliokuwa mbali, ukapokea umeme huo ukazunguka na kuendesha pampu. Likumbuke jambo hili, maana tutalirudia: mota inapozunguka haiachi kuwa jenereta.

Umeme wa Tana wenyewe ulipanda nyaya ukaenda Nairobi. Kwa miaka mingi nyumba nyingi za pande hizi zililala gizani huku nyaya nene zikipita juu ya mapaa yake, na hata mwaka 2015, Serikali ilipoanzisha mpango wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma, wengi walikuwa bado wakisomea taa ya koroboi. Sisemi haya ili kuamsha ugomvi. Nasema kwa sababu kijana aliyekulia kando ya chanzo cha nguvu ana haki ya kujua jinsi nguvu hiyo inavyofungwa na kufunguliwa, na gari la mchezo ni shule isiyo ghali sana ya kumfundisha.

Kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio ni kazi ya kale kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo ikigeuka majini bila ya kuguswa wala kufungwa waya. Walakini gari dogo la redio la kuuzwa dukani lilingoja mpaka mwaka 1966, ambapo kampuni ya Elettronica Giocattoli ya Italia ilitoa mfano wa Ferrari 250 LM, wa kadiri ya moja kwa kumi na mbili, uliokwenda kwa umeme. Wakati huo wapenda mashindano wa Ulaya na Marekani walitegemea zaidi injini ndogo za mafuta, zenye kelele na moshi. Mageuzi yalikuja mwishoni mwa mwaka 1976. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilichukua mfano wake wa Porsche 934, ikautia betri na mota, ikauza kwa watu wa kawaida magari zaidi ya laki moja. Tangu hapo mchezo ukaingia uani, katika viwanja vya shule, na katika kumbi zilizotandikwa mazulia, mahali ambapo injini ya mafuta isingeruhusiwa.

Magari hayo ya mwanzo yalitumia betri za nikeli na kadimi, ambazo Waldemar Jungner wa Uswidi alizibuni mwaka 1899. Kila seli hutoa volti 1.2, na seli sita zikifungwa pamoja hutoa volti 7.2. Ghala lake lilikuwa dogo: amp-saa 1.2 ilihesabiwa kuwa kitu kizuri. Nayo mashindano ya magari ya kadiri ya moja kwa kumi na mbili yalizoeleka kuwa ya dakika 8. Chukua kalamu, msomaji, ufanye hesabu ambayo kila mshindani wa zama zile alilazimika kuifanya. Betri ya amp-saa 1.2 ikitoa ampea 9 itadumu dakika 8 barabara. Ikitoa ampea 12 itakwisha dakika ya 6.

Hapo ndipo meno yalipokuwa hakimu. Aliyetia gia ndogo yenye meno mengi katika mhimili wa mota alipata kasi, na mota yake ikanywa umeme kwa pupa. Dakika tano za kwanza aliwaongoza wenzake wote. Katika dakika ya sita gari lilianza kuchoka. Katika ya saba lilitambaa. Na waliokuwa nyuma yake kwa mzunguko mzima walimpita mmoja mmoja akiwa ameshika redio yake mkononi, hana la kufanya. Jino moja tu likipunguzwa lingempeleka mpaka mwisho. Katika zama zile, basi, sanaa ya meno ilikuwa sanaa ya kufika. Bingwa hakuwa mwenye gari la kasi kuliko yote. Alikuwa yule ambaye betri yake ilikata roho mita chache baada ya mstari wa mwisho.

Sasa tuingie ndani ya hesabu yenyewe, kwa gari la leo. Gurudumu kubwa la meno lina meno 84, na gia ya mota ina meno 21. Gawanya: 84 kwa 21 ni 4. Ndani ya gari mara nyingi mna upunguzaji wa pili, tuseme wa 2, na 4 mara 2 ni 8. Maana yake mota itazunguka mara 8 ili tairi lizunguke mara moja. Mota ina kiasi cha mizunguko 3,000 kwa dakika kwa kila volti, na betri ina volti 7.4, kwa hiyo mota isiyo na mzigo itazunguka mara 22,200 kwa dakika, na tairi mara 2,775. Tairi lenye kipenyo cha milimita 64 husafiri kama sentimita 20 kwa kila mzunguko. Zidisha, nawe utapata mwendo wa karibu kilomita 33 kwa saa. Sasa ondoa gia ya meno 21 utie ya meno 28. Uwiano unashuka kutoka 8 hadi 6, na mwendo, kwa hesabu, unapanda hadi karibu kilomita 44.

Nimesema kwa hesabu. Karatasi haina msuguano, haina kona wala uzito. Gari lililo uwanjani huingia konani, likapunguza, likaondoka tena, na kila liondokapo mota hudaiwa msukumo. Gia ya meno 28 imeuza msukumo ili inunue kasi, na deni hilo mota hulilipa kwa ampea.

Kwa nini hulilipa kwa ampea? Rudi Kamburu. Tulisema kwamba mota inapozunguka haiachi kuwa jenereta. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo inavyotoa volti zake yenyewe, zinazoelekea kinyume cha betri na kuizuia. Mota iendayo mbio hujilinda: inajizuilia umeme. Mota iliyokwama, au inayozunguka polepole kwa kuwa meno yake yameitwisha mzigo mzito, haina kizuizi hicho, na umeme wa betri huimwagikia kama maji ya bwawa lililofunguliwa milango yote. Umeme mwingi ndani ya nyaya nyembamba huwa joto. James Prescott Joule, Mwingereza aliyepima jambo hili katika miaka ya 1840, alionyesha kwamba ampea zikiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne. Ndiyo sababu meno machache tu hutenganisha mota yenye uvuguvugu na mota inayonuka.

Na harufu hiyo naijua. Mota yangu ya kwanza niliitia gia kubwa kuliko zote zilizokuwamo katika kisanduku, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amenishinda asubuhi. Gari lilikwenda vizuri kwa mizunguko mitatu. Ya nne sikuimaliza, na jioni nilijifunza kwamba brashi za kaboni zikiungua hunuka kama nywele.

Betri zilipobadilika, hakimu naye alibadilika. Baada ya nikeli na kadimi zilifuata betri za nikeli na haidraidi, zenye ghala kubwa kidogo. Kisha, katika miaka ya 2000, zikaja za lithiamu. Uzao wa betri za lithiamu ulianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu yake. Wakati huo huo mota zisizo na brashi zilichukua nafasi ya zile za kaboni. Rudia sasa hesabu ya kale: betri ya amp-saa 5, katika mbio za dakika 5, yaweza kutoa ampea 60 mfululizo bila kwisha. Uhaba umekwisha! Kijana wa leo hamjui yule aliyetambaa katika dakika ya saba.

Lakini uhaba haukwisha, ulihama tu. Mota ya ukubwa wa yai haiwezi kuvumilia ampea 60 kwa dakika 5. Zamani ghala lilikwisha kabla mota haijaumia. Leo mota huungua ghala likiwa bado limejaa. Sumaku zilizo ndani yake, zikipashwa joto kupita kiasi, hupoteza sehemu ya nguvu zake wala hazirudishi zikipoa. Kwa hiyo washindani wa siku hizi hubeba kipimajoto pamoja na bisibisi. Huendesha dakika mbili, husimamisha, hupima mota, kisha huongeza jino moja. Huendesha tena, hupima tena. Na wengi hawapendi kuvuka digrii 70 hivi. Mimi nawaheshimu zaidi wale wa zama za kale, maana walihukumu kwa saa na sikio tu. Lakini sisemi kwamba kazi ya leo ni rahisi.

Usidhani mambo haya yamebaki katika mchezo. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, waliendesha barabarani gari la umeme la watu wawili waliloliunda, liitwalo Kiira EV. Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kuitwa Roam tangu 2022, ilianza kwa kung'oa injini za mafuta katika magari makuukuu na kuyatia mota. Siku hizi pikipiki za umeme zinabeba abiria Nairobi na Kigali. Nyingi kati ya hizo hazina gia za kubadilishwa kwa mguu; uwiano ni mmoja, umechaguliwa kiwandani mara moja kwa maisha yake yote. Fikiri, basi, juu ya mwendeshaji anayepakia watu wawili na gunia la pojo, akitoka bondeni mwa Tana kupanda kuelekea Kivaa. Ikiwa aliyechagua meno alifikiria lami tambarare za jiji peke yake, mota itatambaa mlimani, itajinyima kizuizi chake, itanywa betri na kupata joto. Naye mwendeshaji, aliyekopa ili ainunue, atasimama kando ya njia akingoja ipoe, abiria wakishuka. Swali la meno 21 na meno 28 kwake si mchezo hata kidogo.

Lakini tuanze na kilicho karibu. Katika nyumba nyingi ipo redio ya kaseti iliyokufa, na ndani yake ipo mota nzima. Nyingi katika hizo huzunguka karibu mara 2,400 kwa dakika. Mtoto aliyetengeneza gari la waya akaitoa mota hiyo kwa mara ya kwanza hufanya kosa lile lile kila mahali: huchoma gurudumu la ndala moja kwa moja katika mhimili wa mota. Gurudumu la sentimita 6 lingetaka kwenda kilomita 27 kwa saa. Gari halisogei. Mota hunung'unika, hupata joto, na betri mpya hufa kabla ya chakula cha mchana, na mtoto husema mota ni mbovu.

Mota ni nzima. Itie kapi ndogo ya sentimita 1, tia nyingine ya sentimita 10 katika mhimili wa magurudumu, uziunganishe kwa utepe wa mpira. Gari litakwenda polepole kuliko wewe utembeavyo, kama kilomita 2.7 kwa saa, lakini litapanda mchanga na mawe madogo. Ukitaka liende sambamba nawe njiani, kapi kubwa iwe ya sentimita 5. Kisha ligeuze lipande kilima, na baada ya dakika mbili iguse mota kwa kidole.